Mwalimu wa Kasenga na salamu zilizomponyoka Bujumbura

Kumepambazuka nusu tu, na Émérance Kashindi ameshatoka nje mara ya tatu kusikiliza. Anasikiliza nini? Mwenyewe anasema hajui. Kinu cha muhogo cha jirani hakijawashwa, pikipiki za Kasenga hazijaanza fujo zao, na ile milio ya risasi iliyosikika juzi upande wa milimani leo imenyamaza. Anarudi jikoni, anafunga mlango, anajifunika blanketi zito kichwani pamoja na simu yake.

"Batoto, leo tuko na règle de trois," sauti yake inasikika chini ya blanketi, akirekodi somo la hesabu.

Anafuta. Anaanza upya. Anafuta tena.

Mumewe Cyprien, fundi cherehani, ameketi kizingitini akifunga viatu na kutikisa kichwa. "Zamani alikuwa anamaliza mara moja tu," anasema. "Sasa anaanza, anafuta, anaanza, anafuta. Chai iko inapoa. Tangu atoke mu ile conférence ya Bujumbura, huyu mama hatulii."

Kutulia kweli hakumo. Émérance ana miaka arobaini na mmoja, na karibu nusu ya hiyo ameitumia mbele ya ubao, akifundisha darasa la sita katika shule ya msingi hapa Kasenga, mjini Uvira. Ukimwuliza swali anajibu akiwa amesimama. Katikati ya jibu anainuka kuchungulia simu, anakwenda mlangoni, anarudi, anauliza, "Tulikuwa tunasema nini?" Kisha anacheka kidogo, kicheko kisichomfikia machoni.

Kabla ya kuruhusu habari hii iandikwe, alitaka asomewe kila jina litakaloingia gazetini. Majina ya baadhi ya watu wazima tumeyabadilisha, na ya watoto yote. Kijiji kimoja hatutakitaja kabisa, na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu tumeyageuza; msomaji ataelewa kwa nini.

Mambo yalianza Februari mwaka huu, vita viliposhuka kutoka Bukavu na barabara ya uwanda wa Ruzizi ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Shule zikafungwa. Darasa la Émérance, watoto wapatao hamsini, likatawanyika kabla hata hajapata nafasi ya kuwaaga. Wengine walivuka mpaka hadi Gatumba, Burundi. Wengine walipanda Mulenge na Bijombo kwa ndugu. Wengine wakafuata ufuko wa ziwa kuelekea kusini, kila familia na njia yake.

"Minye nilibakia na ubao," anasema Émérance. "Mutihani ya taifa iko mwezi wa saba, batoto ba darasa la sita hawako. Nilikuwa nazunguka mu nyumba, nazunguka. Cyprien akaniuliza, unatafuta nini? Nikamwambia, natafuta darasa yangu."

Ndipo akamkumbuka Pontien.

Pontien ni mtu wa uwanda wa Ruzizi aliyehamia Kasenga miaka mingi iliyopita. Kibanda chake cha mbao kina kazi mbili: kuchaji simu za watu na kujaza nyimbo kwenye kadi za memori. Kule milimani, ambako mtandao huja na kwenda utakavyo wenyewe, karibu kila nyumba ina kiredio kidogo chenye tundu la kadi. Ukiichomeka, unasikiliza rumba mpaka betri iishe. Émérance akamwomba aingize masomo yake katikati ya nyimbo.

"Nilicheka," anakumbuka Pontien. "Nikasema, Madame, bantu banakuya hapa kutafuta rumba, weye unataka niwapatie hesabu ya fractions? Akaniangalia vile mwalimu anaangaliaka mutu. Basi, nikaweka."

Kila nyimbo mbili, somo moja. Kina mama wanaopandisha chumvi na sabuni milimani walizibeba kadi hizo zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Kazi ikaenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mchungaji mmoja wa Bijombo alituma ujumbe wa malalamiko, kwamba wimbo aupendao kuliko yote unakatizwa na mwanamke anayegawanya mihogo vipande vipande. Wiki mbili baadaye alituma ujumbe mwingine. Safari hii alitaka kujua ile mihogo ya mwisho ilikuwa inagawanyikaje.

Kisha msichana mmoja, Iradukunda, akapiga simu kutoka Gatumba, na alikuwa amenuna. "Madame, juu ya nini hausemi jina yangu? Ku masomo ulikuwa unaita kila mutu."

Alikuwa na haki. Shuleni kila asubuhi huanza kwa mwalimu kuita majina, mtoto akasimama, akaitika. Émérance alikuwa amelisahau hilo kwa sababu chini ya blanketi hakuna wa kuitika. Kuanzia siku hiyo akawa anaita. Na hakuita kikavu. Mtu wa Uvira akikusalimia bila kuuliza umelalaje, mama yako anaendeleaje na mahali ulipofikia pakoje, huyo bado hajakusalimia. Kwa hiyo alimwita kila mtoto kwa jina na mahali alipo na aliye naye, akatia na utani wake.

"Iradukunda wa Gatumba, mama amepona malaria? Ushindi, weye uko Mulenge kwa mujomba, usifuate ngombe mpaka usahau hesabu ya PPCM!"

Zipo siku salamu zilikuwa ndefu kuliko somo. Watoto, anasema, walisikiliza kadi mara nne au tano, si kwa ajili ya hesabu. Walitaka kusikia wameitwa.

Alikuwa mwangalifu, au alidhani hivyo. Kadi za milimani zilikuwa na salamu zao, za Gatumba zao, na za ziwani zao. Ya ziwani ilibebwa na mama mmoja tu, mwuza samaki anayemwamini kama dada. "Kadi ilikuwa inatembea mu mikono yenye tunajua," anasema. "Kwa hiyo ndani yake nilisema kama vile niko mu nyumba yangu."

Katika ile kadi ya ziwani alikuwamo Délice.

Délice ana miaka kumi na miwili. Baba yake, Norbert, alikuwa mkuu wa mtaa mdogo hapa mjini. Mwezi Machi watu wenye silaha walimfuata, wakamtaka awapitishe nyumba kwa nyumba, awaoneshe palipo na vijana wa kiume. Akakataa. Wakamwambia watarudi. Hawakumkuta, kwa sababu usiku ule ule alimchukua mkewe Claudette na binti yao, wakaenda kujificha kwa mama yake mzazi, Mama Apolline, katika kijiji cha wavuvi kusini mwa Uvira. Claudette alimweleza mtu mmoja tu walikokwenda. Alimweleza mwalimu, ili mtoto asikose masomo.

Mwaliko ulikuja mwezi wa nne. Mfanyakazi wa shirika moja alikuwa ameisikia kadi kambini Gatumba, akaulizia ni ya nani. Mkutano wa teknolojia na elimu, siku tatu, Bujumbura, hoteli ya kando ya ziwa, nauli na malazi juu ya waandaaji. Émérance hakuwa amewahi kualikwa popote. Cyprien alimshonea kitenge kipya kwa siku moja, sindano ikamchoma vidole mara kadhaa kwa haraka.

"Nilienda huku mguu moja unataka na mwingine hautaki," anasema. Mpakani Kavimvira askari walipekua mkoba wake, wakamwuliza anakwenda kufundisha nini. Akawaambia anakwenda kufundishwa. Wakacheka, wakampitisha. Kutoka Uvira hadi Bujumbura si safari ya saa nzima barabara ikiwa shwari. Kwake ilikuwa kama ameenda nchi ya saba.

Ukumbini baridi ya mashine ilimfanya ajitande kitenge kama mgonjwa wa homa. Watu walizungumza Kifaransa, Kirundi, Kiingereza na lugha nyingine asiyoijua. Msemaji mmoja kutoka mbali alieleza kwamba si miaka mingi ijayo kila mtoto atakuwa na mwalimu wake mfukoni.

"Nilipiga mikono," anasema Émérance. "Lakini nilikuwa najiuliza, hiyo poche itakuwa ya nguo gani? Batoto bangu balikimbia na nguo moja."

Hata hivyo asije mtu akadhani alikwenda kudharau. Alivutiwa. Kulikuwa na kisanduku cheupe, kidogo kuliko mkate, kinachorusha masomo kwenye simu zote zilizo karibu bila kuhitaji mtandao. Visanduku vichache vingegawiwa siku ya tatu kwa walimu watakaochaguliwa. Alikwenda kukitazama asubuhi, akaenda tena mchana, akaenda na jioni mpaka mlinzi wa meza akamzoea. "Nilikipenda mpaka nikaona haya," anasema.

Na kila mapumziko alitoka barazani kumpigia Cyprien. Ng'ambo ya maji, chini ya milima, Uvira inaonekana kabisa. Alisimama pale akiitazama, akiuliza, "Kumetulia? Kweli? Usinidanganye." Kisha anarudi ndani, anakaa ukingoni mwa kiti, tayari kuinuka.

Zamu yake ilifika siku ya pili alasiri. Kifaransa kilimkimbia baada ya sentensi mbili. Frédéric, Mrundi aliyewahi kuwa mwalimu na ndiye aliyeongoza kikao kile, akamwambia kwa upole, "Madame, sema Kiswahili tu. Hapa tuko nyumbani." Akasema. Akaeleza habari za Pontien na rumba na pindo za vitenge, watu wakaanza kutabasamu. Alipoona wanatabasamu, akatoa simu yake, akaiweka karibu na kipaza sauti.

"Musikie benyewe," akasema.

Alikuwa na rekodi nyingi kwenye ile simu. Angeweza kuchagua ya milimani, ambayo haina neno la kumdhuru mtu. Alichagua ya ziwani, kwa sababu sauti yake ilitoka safi na utani wake ulikuwa mtamu kuliko wote.

"Délice, mutoto yangu, uko kwa Mama Apolline, samaki ya mikeke isikunenepeshe! Mwambie papa Norbert asikufundishe hesabu, aye mwenyewe hajue." Kisha jina la kijiji, lote, waziwazi, na nyumba iko upande gani wa kanisa.

Ukumbi ulicheka. Mama mmoja wa mstari wa mbele alifuta machozi. Watu wakasimama kupiga makofi na simu zikainuliwa juu zikirekodi, safu kwa safu. Émérance aliona zile simu. Hilo halifichi.

"Kichwa yangu ilivimba," anasema, na sasa haangalii mtu. "Mutu hajawahi kunipigia mikono. Nikaona zile telefone, nikafurahi. Nikasema, niwawekee na ya pili. Nikawawekea."

Jioni alikuwa mezani, supu mbele yake, na Frédéric amekwisha kumnong'oneza kwamba jina lake limo katika wale watakaopata kisanduku. Simu ikalia. Alikuwa Pontien.

"Madame, sauti yako iko inatembea huku."

"Inatembea wapi?"

"Mu telefone ya bantu. Motard mumoja wa pikipiki amenisikilizisha sasa hivi. Balikutia ku internet, bantu banagawiana mu groupe. Banasema ni mwalimu wetu wa Uvira, banakusifu." Pontien akashusha sauti. "Lakini ile ya Norbert iko ndani."

"Ya Norbert gani?"

"Madame. Ile ya Norbert."

Anasema alitamani ardhi ya hoteli ile ipasuke immeze pamoja na meza. Akainuka bila kuaga, akamkuta Frédéric kwenye ngazi, akamshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba yule bwana alidhani kuna msiba. Kipande kilikuwa kwenye ukurasa wa mkutano tangu saa kumi, na maelfu walikwisha kukitazama. Frédéric alikifuta pale pale, akawapigia wenzake nao wafute. Lakini vya kwenye makundi ya watu wangevifutaje? Ilikuwa ni kuokota unga uliomwagika mchangani.

"Madame, naomba msamaha," Frédéric alimwambia. "Sikujua."

"Weye haukujua," akamjibu. "Minye njo nilijua."

Simu ya Claudette ilikuwa imezimwa tangu siku walipokimbia. Ya mwuza samaki haikupatikana. Mpaka ulikuwa umefungwa hadi asubuhi. Akarudi kule barazani. Uvira ilikuwa pale pale ng'ambo, taa chache zinawaka, karibu mno na haifikiki. Akampigia Cyprien, akapiga tena kwa mwuza samaki, akampigia kila mtu ambaye angeweza kumjua mtu mwenye pikipiki upande wa kusini. Barabara, wakamwambia, ina vizuizi, na giza likiingia hakuna anayethubutu kupita.

Asubuhi, kabla ya chai, alikuwa mlangoni na mkoba wake. Frédéric alimfuata mbio. Alimsihi asubiri mchana tu, visanduku vigawiwe, kisha yeye mwenyewe angempeleka mpakani kwa gari. Émérance anasema aligeuka akakitazama kisanduku kile juu ya meza, na moyo ukamwuma, asiseme uongo, ukamwuma kweli. Kisha akaondoka.

Foleni ya mpakani ilikuwa ndefu na watu walikuwa na wasiwasi, kila mmoja akiwa na uvumi wake. Askari alimwuliza ile kadi ya mkutano shingoni ni ya nini. Alikuwa hajaivua. Upande wa Kavimvira alimpata motard na pikipiki yake, akamwambia kusini, mbio. Wakaipita Kasenga bila yeye kusimama nyumbani, wakapita Kalundu bandarini, wakasimamishwa kwenye kizuizi cha kwanza, cha pili, na kingine tena ambapo motard alitaka kugeuza. "Nilimwambia, ukirudi, minye naendelea na miguu," anasema. Wakaendelea.

Kijijini jua lilikuwa utosini. Mlango wa Mama Apolline ulikuwa chini, umelala kizingitini na bawaba zake. Ndani sufuria imepinduka, nyavu za kuvulia hazipo. Majirani walikuwa nje ya nyumba zao, lakini kila aliyemtazama aligeuza uso. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akasema bila kuinua macho: "Balikuya asubuhi mapema. Mama muzee tumemupeleka ku dispensaire."

"Na wengine? Na mutoto?"

"Hatujue."

Mama Apolline alikuwa amelala kwenye mkeka wa zahanati, mkono wa kulia umefungwa vijiti. Walikuwa wameuvunja walipomwuliza mwanawe yuko wapi. Émérance alipiga magoti. Alikuwa bado hajajitambulisha, ndiyo kwanza ametoa pole, yule mama akafumbua macho.

"Ni weye Madame," akasema. "Nimekujua ku sauti."

Émérance akalia. Akamwuliza Norbert, Claudette na mtoto wako wapi, akasema anataka kuwasaidia, chochote kile. Mama Apolline akamjibu.

"Balienda. Minye sijue wapi. Na ningejua, singekuambia weye."

Hayo ndiyo aliyorudi nayo Kasenga, na ndiyo aliyoishi nayo mwezi wa tano mzima. Shule ilifunguliwa nusu nusu. Alifundisha watoto waliorudi, akajikuta anakatisha sentensi mlango ukigongwa. Hakujua kama Délice amepona au amekutwa njiani. Akiona mtoto wa umri ule sokoni, kwa nyuma, anamfuata mpaka amwone uso. Alikwenda kwa padri, akaungama. Padri alimwambia amesamehewa, naye akatoka kanisani na roho yake iko vile vile.

Kadi hakuziacha. Watoto bado walikuwa mbali na mtihani unakaribia. Lakini majina yalikwisha. Hakuna Iradukunda wala Ushindi, hakuna mahali, hakuna utani. Anaanza moja kwa moja na hesabu, na ulimi ukitaka kuteleza kwenye salamu, anafuta na kuanza tena. Pontien anasema wateja wa milimani sasa wanaliruka somo. "Zamani hata bazee balikuwa banangoya salamu," anasema. "Sasa banasema Madame amekuwa kama redio ya serikali."

Juma lililopita, mchana kweupe, Émérance alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Mtu akaingia kwa mlango wa jikoni bila kupiga hodi, amejifunika kitenge mpaka machoni. Alikuwa Claudette.

"Nilitaka kumukumbatia," anasimulia Émérance. "Akanisimamisha na mukono, hivi."

"Bako bazima," Claudette akasema. "Bote. Kaa chini."

Akamweleza. Jioni ile ile ya Bujumbura, mvuvi mmoja kijijini alikuwa na kile kipande kwenye simu yake. Délice akakisikia. Akatoka mbio ufukoni mpaka nyumbani, anapiga kelele kwa furaha: "Papa, Madame amenisalimia mu telefone ya bantu bote!" Norbert alikuwa anakula bugali na ndagala. Tonge halikufika mdomoni. Kabla giza halijakolea walikuwa kwenye njia ya milimani, watatu. Mama Apolline alikataa kuondoka, akasema yeye ni mzee, watamfanya nini. Wakamfanya kile walichomfanya.

"Mutoto njo alituokoa," Claudette akasema. "Si weye."

"Si minye," Émérance akakubali.

"Sikukuya kukusamehe, Madame. Usifikiri hivyo. Mukono wa mama-mukwe haujanyooka mpaka leo. Nimekuya juu ya mutihani. Mutoto analia kila siku, anataka kusoma. Nipatie masomo yote yenye alikosa. Nitabeba minye mwenyewe, hakuna mwingine."

Émérance akamkimbilia Pontien, wakajaza kadi yote masomo matupu, bila wimbo hata mmoja. Aliporudi, Claudette alikuwa amekunywa chai yote na amesimama tayari. Akaifunga kadi kwenye pindo. Alipofika mlangoni akageuka, na hapo, anasema Émérance, sauti yake ilibadilika kwa mara ya kwanza.

"Kuko kitu kimoja. Ile mwezi yote alikuwa anasikia kadi za milima, bantu banatuazimaka redio. Hauite jina yake tena. Anauliza alikukosea nini."

Émérance anasimulia mpaka hapa, kisha anakwenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo. Inampasa anywe maji kwanza. Mtoto wa watu, aliyewaponya wazazi wake kwa mbio za miguu yake, amekaa milimani mwezi mzima akidhani mwalimu amemnunia.

"Nilimwambia Claudette, umwambie leo leo, usingoye kesho. Umwambie hakukosea kitu, hata kidogo. Umwambie Madame njo alikosea. Umwambie kwa neno hiyo hiyo: alikosea. Batoto hawajazoea kusikia mwalimu anasema hivyo, lakini aye asikie."

Claudette aliahidi. Jambo moja tu hakuliahidi. Mtihani wa taifa hauwezi kufanyiwa milimani. Ni lazima mtoto aje mwenyewe, akae kwenye kituo alikoandikishwa, na kituo cha Délice kiko hapa Kasenga, hatua chache kutoka barabara kuu, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusimama akawatazama watoto wanaoingia. Norbert amekataa katakata. Délice amesema atatembea peke yake. Claudette yuko katikati yao, na alitoka bila kusema ataegemea wapi.

Frédéric bado anaandika. Juzi alimpelekea Émérance mwaliko mwingine, wa mkutano wa mwisho wa mwaka, na akamwuliza angependa kuzungumzia nini. Safari hii amejibu. Amesema atakwenda, na kwamba hatafungua simu yake mbele ya mtu. Atawauliza walimu wenzake ni nani hasa wanaosikia wanaposema na watoto wao, na hatashuka jukwaani mpaka wamemjibu.

Lakini hilo ni la mbali, na akili yake haifiki huko. Akili yake iko mwezi wa saba, kwenye lango la kituo cha mtihani. Amekwisha kumwomba mkurugenzi wa shule ampe kazi ya kupokea watahiniwa. Cyprien amemwuliza atafanya nini pale Délice asipotokea. Na akitokea je, atafanya nini?

Émérance anainuka tena, anachungulia njia, anarudi na kuketi. Kinu cha jirani kimeanza kunguruma na leo hakuna tena kurekodi.

"Sijue," anasema. "Nitasimama tu pale. Kila asubuhi naomba Mungu vitu mbili vyenye kupigana: Délice akuye, Délice asikuye. Na zote mbili naziomba na roho yangu yote."